Kadi Namba Arobaini na Moja

Mimi sina subira na watu wanaosema tembo wote wanafanana. Nikisikia hivyo natamani kumuuliza huyo msemaji kama na shangazi zake wote wanafanana akiwatazama kwa nyuma. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yangu ilikuwa kuwatambua tembo wa mwituni kwa masikio. Ukingo wa sikio la tembo huchanwa na miiba, na matawi, na ugomvi, na kila mmoja ana michaniko yake ambayo hutaiona kwa mwingine. Nilikuwa na chumba chenye dirisha la wavu, meza, na kabati la chuma lenye droo nne: waliochanika sikio la kushoto, waliochanika la kulia, waliochanika yote mawili, na wale wazima ambao walinipa taabu kuliko wote. Kadi mia tatu na kumi na sita, kila moja nimemchora tembo wake mwenyewe kwa penseli, nikaandika mama yake, wanawe, na mahali alipoonekana mwisho. Ofisini waliniita Mama Masikio. Nilijifanya sipendi.

Niseme mapema usije ukanipenda bure: niliua. Bunduki sikushika, lakini aliyeua ni mimi.

Niliyemuua tulimwita Bi Mkubwa. Alikuwa amepita miaka hamsini na alikuwa kiongozi wa familia ya tembo kumi na mmoja. Familia ya tembo ni ya akina mama, kama hujui. Dume akishafika miaka kumi na tatu au kumi na nne wanaanza kumsukumia pembeni, mpaka anajiondokea mwenyewe kwenda kuhangaika na madume wenzake. Wanaobaki ni nyanya, mama, mabinti na watoto, na wote wanamtazama mmoja. Nyanya akisimama, wamesimama. Akigeuza kichwa upande wa upepo, kumi wanageuza. Mwaka wangu wa kwanza kazini, mwaka wa ukame mkubwa, bwawa lilipokuwa tope, familia nyingine zilibaki hapo hapo zikingoja mvua na zikazika watoto. Bi Mkubwa aliwachukua wake, akatembea nao siku mbili mpaka ng'ambo ya vilima kwenye mto uliokauka, akachimba mchanga kwa mguu wa mbele, akasubiri maji yachuruzike. Hakupoteza hata kitoto kimoja. Njia ile alionyeshwa na mama yake akiwa mdogo, na hapakuwa na mwingine katika familia aliyeijua, isipokuwa dada yake.

Huyo dada tulimwita Bi Mdogo. Ungesikia majina hayo ungedhani ni wake wenza, na utani wa hapo ofisini ulikuwa hauishi. Miaka sita iliyopita alifiwa na mwanawe wa mwaka mmoja. Alimsimamia yule maiti siku nne, akimgusa kwa mkonga, akimfunika kwa matawi na udongo. Bi Mkubwa alimngoja siku mbili, kisha akaondoka, kwa sababu wadogo wengine walikuwa na kiu. Bi Mdogo alibaki na mzigo wake, na tangu hapo akawa anatembea peke yake, pembezoni mwa hifadhi, karibu na mashamba. Dada hawa wawili walifanana kwa kitu kimoja cha ajabu. Bi Mkubwa alikuwa amenyofoka kipande cha chini cha sikio la kushoto, mfano wa mkate ulioumwa mara moja. Bi Mdogo alikuwa na uleule mnyofoko, ila wake ulikuwa sikio la kulia. Yeye ndiye kadi namba arobaini na moja ya droo ya pili.

Kila mgeni aliyekuja kujifunza kwangu nilimwanzishia hapo. Kushoto ni kwa tembo, si kwako wewe unayemtazama. Akikosea namrudisha mlangoni aingie upya. Na akinijibu "sijui" nilikuwa namwambia kwamba sijui si jibu, ni uvivu. Miaka ishirini na miwili neno hilo halikunitoka kazini. Nilijisifu kwa hilo mpaka nyumbani.

Nyumbani ni uani kwetu, milango miwili: mmoja wangu, mmoja wa mdogo wangu na mumewe. Huyo mume, shemeji yangu, ndiye dereva wa gari letu la utafiti. Hajasomea tembo hata siku moja. Lakini siku zote nilizokaa kwenye kiti cha kushoto nikichora, yeye alikuwa kwenye usukani akitazama tembo walewale, na ni mtu mpole asiyesema neno mpaka aulizwe. Mimi ndiye niliyekuwa naongea kwa niaba ya watu wote.

Msimu ule wa mahindi tembo mmoja aliingia mashambani mara sita. Mara ya sita alisukuma ukuta wa ghala ukamwangukia mzee mmoja akavunjika mguu. Mkuu wa hifadhi akapata kibali: mharibifu atambuliwe, apigwe risasi. Mmoja tu, na awe yeye hasa, si mwingine. Kwa hiyo kibali kile kilikuwa kinasubiri jicho langu.

Siku mbili baadaye, asubuhi, picha ikaja. Mkulima mmoja alikuwa amelala juu ya paa la ghala lake kulinda, na kulipopambazuka akamkuta mgeni amesimama katikati ya mahindi, anakula bila wasiwasi. Mtu mwenye akili angekaa kimya aombe Mungu. Yeye akageuza simu akajipiga selfi, yeye na kofia yake mbele, tembo nyuma. Mkuu aliniletea ile picha mezani, akanitumia na kwenye simu yangu. Mahindi yalikuwa yamefunika pembe na mwili, lakini uso ulikuwa umetutazama na masikio yamekunjuliwa. Sikumtazama mkulima kabisa. Niliivuta picha mpaka sikio likajaa kioo kizima cha simu, nikaona ule mkate ulioumwa, upande wa kushoto wa tembo, nikasema kabla chai yangu haijapoa: "Bi Mkubwa."

Shemeji alikuwa mlangoni, amekuja kuchukua funguo. Akasema taratibu, "Shemeji, Bi Mkubwa si tulimwacha bwawani jana jioni na kile kitoto cha wiki tatu? Angefikaje kule na kurudi?"

Mkuu alinitazama. Watu wengine wawili walikuwa wanasikiliza. Nami nikamjibu mume wa mdogo wangu mbele yao wote: "Shemeji, wewe shika usukani. Masikio niachie mimi."

Wakacheka. Na yeye akacheka kidogo, akachukua funguo akaenda zake. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa limeshakufa kwa sifa.

Saa kumi jioni tuliwakuta bwawani. Askari mwenye bunduki aliniuliza ni yupi, nikamwonyesha. Hapo sikukosea, maana aliyesimama pale alikuwa Bi Mkubwa kweli. Risasi ilipolia hawakukimbia kama nilivyotarajia. Walimzunguka. Binti yake mkubwa aliingiza pembe chini ya ubavu wake akajaribu kumwinua, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka magoti yakamtetemeka. Kitoto kiliingiza mkonga kinywani mwa nyanya yake, kama wanavyofanya wakitaka kuonja mkubwa amekula nini. Ilibidi magari mawili yapige honi nusu saa ndipo waondoke.

Daktari wa wanyama akapasua tumbo, kwa sababu ndiyo taratibu. Kulikuwa na nyasi, magome ya miti na matunda ya porini. Daktari aliingiza mikono mpaka kwenye mabega, akapekua, akasema hakuna hata punje moja ya mahindi.

Mkuu aliniuliza kama inawezekana yameshasagika. Tembo husaga nusu tu ya anachokula. Mahindi hutoka kwenye kinyesi chake yakiwa mazima mpaka kuku wanayagombania. Hilo nalijua kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale. Nikasema, "Inawezekana." Shemeji alikuwa ameegemea gari. Aliangalia chini.

Nilirudi ofisini wenzangu wakiwa wameshaondoka. Nikaifungua ile picha upya, safari hii yote, bila kuivuta. Mkulima anacheka na meno yake yote, na kwenye kofia yake kuna maandishi makubwa. Nilijaribu kuyasoma nikashindwa. Nikatoa kioo changu kidogo cha mkobani, kile cha kutazamia nywele, nikakielekeza kwenye picha. Ndani ya kioo yakasomeka vizuri kabisa: MBEGU BORA. Simu nyingine ukijipiga picha huihifadhi kama kioo, kulia kunakuwa kushoto. Na sikio nalo, ndani ya kile kioo changu, lilikuwa limehamia kulia.

Mimi ninayesoma masikio ya tembo mia tatu sikusoma kofia ya mtu mmoja.

Ningeweza kwenda kwa Mkuu saa ile ile. Nyumba yake iko hatua mia kutoka ofisini. Sikwenda, na sitaki kujitafutia sababu nzuri: niliogopa. Niliogopa kuchekwa. Kwenye kila kadi chini kabisa kuna sehemu ya kuandika sababu ya kifo, na nimeandika humo ukame, ugonjwa, majangili, uzee. Kwenye kadi ya Bi Mkubwa niliandika tarehe tu. Sehemu ile nikaiacha tupu, nikafunga droo, nikaenda nyumbani nikamwambia mdogo wangu kwamba kichwa kinaniuma.

Familia ilirudi bwawani usiku uleule, na siku nne zilizofuata haikuondoka, na bwawa lilikuwa linakauka. Yule binti mkubwa alikuwa na miaka ishirini na kitu tu; alipopitishwa njia ya vilimani alikuwa kitoto, hakuikumbuka. Aliwapeleka upande mmoja, akasimama, akawarudisha. Akawapeleka upande mwingine, akawarudisha. Usiku wanalala wamesimama kuzunguka mifupa tuliyobakiza baada ya kugawa nyama, mchana wanakwangua tope. Kitoto kilianza kujikwaa. Kila siku nilikwenda kuwatazama, na kila siku nilirudi nimekula moyo wangu mwenyewe. Hakuna aliyenituma kwenda. Nilikwenda kama mtu anayebonyeza kidonda.

Siku ya tano akaja Bi Mdogo.

Tembo huitana kwa sauti ya chini ambayo sikio la mtu haliipati. Unaihisi kifuani tu, na pengine huihisi kabisa. Nadhani alikuwa amesikia muda mrefu. Familia ilimwona ikamkimbilia, masikio yanapepea, majimaji yanatiririka mashavuni, mikonga inaingizwa vinywani, kelele za shangwe utasema kumezaliwa. Miaka sita hawajakaa pamoja. Kisha yeye akawaacha, akaenda kwenye mifupa. Akagusa taya. Akagusa mahali pale pembe zilipokuwa kabla hatujazitoa. Akainua mguu wa nyuma akaupitisha taratibu juu ya fuvu bila kulikanyaga, akakaa hapo mpaka jua likazama. Kinyesi chake nilikiona kwa darubini. Kilikuwa cha manjano kwa punje za mahindi.

Kesho yake akaongoza kuelekea vilimani. Wote kumi wakamfuata mstari mmoja, kitoto katikati. Tuliwafuata na gari kwa mbali siku mbili, na tulipofika kwenye ule mto mkavu nilimwona anachimba mchanga kwa mguu wa mbele, anasubiri. Nililia ndani ya gari mpaka Shemeji akanipa kile kitambaa chake cha kufutia kioo, kinachonuka vumbi na sabuni. Nikamwambia kila kitu: kofia, kioo, sikio.

"Najua," akasema. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu tumbo lilipopasuliwa. Kisha akaongeza, akiwa bado anatazama mbele: "Lakini kibali kile, Shemeji, ni cha mharibifu. Ukisema leo, watakuja kumchukua huyu."

Alisema kweli tupu. Angeondolewa Bi Mdogo, na wale kumi wangekufa kwa kiu mmoja mmoja. Basi ilibidi ninyamaze. Na hili ndilo linalonichoma mpaka sasa, nalisema wazi: nilifurahi. Nilipata kisingizio kizuri, kisafi, cha kuwaokoa tembo, na chini yake nikalificha jina langu.

Mashambani kukatulia. Bi Mdogo alikuwa na familia ng'ambo ya vilima, hakuwa na shida tena na mahindi ya watu. Wakulima wakasema kumbe kweli alikuwa yule yule. Mkuu akaniandikia barua ya pongezi, akaitia kwenye fremu, akaitundika mwenyewe juu ya kabati langu. Kila nikifungua droo barua ile ilikuwa inanitazama utosini. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mimi yangu nilikuwa napongezwa kwa kuyamwaga.

Mara moja, jioni, nilifungua droo ya pili niitoe kadi namba arobaini na moja niichome. Niliishika pembeni. Mkono ukakataa. Sijawahi kuondoa kadi ya tembo aliye hai, na pengine ile ndiyo ilikuwa heshima pekee iliyobaki kwangu. Nikaiacha.

Miezi mitatu baadaye waliletwa askari wapya wanane niwafundishe. Mkuu akasema atafungua mafunzo yeye mwenyewe, na akaitupa ukutani kwa projekta ile picha ya mkulima, nzima nzima, kubwa kama mlango. Akawaeleza kwamba kwa picha hii moja Mama Masikio alimjua mharibifu kabla chai haijapoa. Nilisimama pembeni yake. Shemeji alikuwa nyuma karibu na mlango, amebeba viti.

Miongoni mwa wale wapya kulikuwa na mama mmoja mwenye miwani, mtu mzima, ambaye kabla ya uaskari alifanya kazi ya kuchapa maandishi kwenye fulana. Kwa kazi ile amesoma herufi za kinyumenyume miaka na miaka. Akanyoosha mkono, akaomba radhi kwanza, kisha akasema, "Hii picha imegeuka. Hiyo kofia inasomeka kwa kioo."

Mkuu akacheka. Akaitazama kofia. Akaacha kucheka, akanigeukia.

Nilikuwa na jibu. Ningesema tulihakikisha kwa njia nyingine, ningesema pembe, ningesema nyayo, na hakuna mtu pale ambaye angethubutu kunibishia. Jibu lilikuwa limeshafika ulimini. Ila nilimwona yule mama amekaa wima, amekunja uso, anajilaumu labda amekosa adabu, na nikajua nikimjibu hivyo nitamziba mdomo mbele za watu kama nilivyomziba Shemeji. Nilikuwa nimechoka na mimi mwenyewe.

"Imegeuka," nikasema. "Sikuitazama kofia. Tembo tuliyemuua hakuwa na kosa. Nimejua tangu jioni ile nikanyamaza."

Mkuu akaniuliza kwa sauti ya chini, ile ya kutisha zaidi, "Basi aliyekuwa anaingia mashambani ni yupi?"

Nilimwona Bi Mdogo na mguu wake mchangani. "Sijui," nikasema.

Mkuu si mjinga. Akasema kama picha imegeuka basi sikio ni la kulia, niilete droo ya pili. Nikaileta. Nilijua kadi imo, nimeiacha mwenyewe kwa ujinga wa heshima. Akaanza kuzipitia moja moja, anatazama mchoro, anailaza kifudifudi. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Arobaini. Arobaini na mbili. Akasimama, akarudi nyuma, akazihesabu tena.

"Arobaini na moja iko wapi?"

"Sijui," nikasema mara ya pili, na safari hii sikuwa nasema uongo.

Akamgeukia dereva, akamuuliza kama anamkumbuka tembo wa namba hiyo. Shemeji aliweka viti chini kimoja kimoja. "Mimi nashika usukani tu, Mkuu," akasema. "Masikio ni ya Mama."

Nimeondolewa kwenye kadi. Sasa natunza stoo ya matairi na vipuri, na funguo za kabati amepewa yule mama wa fulana, ambaye ni mwangalifu kuliko nilivyokuwa, na husema sijui mara tatu kwa siku bila kuona aibu. Barua ya kwenye fremu niliitungua mwenyewe. Na kabla sijakabidhi funguo niliitoa kadi ya Bi Mkubwa, nikajaza ile sehemu tupu. Sababu ya kifo: nikaandika jina langu kamili, lile la kwenye kitambulisho.

Jioni ya siku ile ya mafunzo, tukirudi, Shemeji alisimamisha gari kabla ya kufika uani, akashusha kile kikinga jua cha juu ya kioo, kadi ikamdondokea mapajani. Alikuwa ameichukua wiki moja tu kabla ya mafunzo, siku aliyonikuta nimesimama mbele ya droo wazi na sikumsikia akiingia; nilipotoka akaitoa. Nikamwomba radhi kwa lile neno la siku ile. Nilitaka kuomba kwa urefu, maneno nimeyatunga miezi mitatu, lakini akanikatiza akasema, "Uliniambia nishike usukani, nimeshika." Hakutabasamu. Nikaipokea kadi.

Kadi iko chumbani kwangu, chini ya godoro, upande wa ukutani. Naitoa mara kwa mara nikautazama ule mchoro. Habari nilizozipata ni kwamba mvua imenyesha ng'ambo ya vilima, wote kumi na mmoja wameonekana, na wanarudi huku taratibu, Bi Mdogo mbele na kitoto nyuma ya mkia wake. Anakifundisha njia. Atakifundisha na nyingine anazozijua. Mahindi yataiva mwezi ujao, na yule mzee wa ghala bado anatembea na fimbo. Kila simu ya Mkuu inapolia ofisini, mimi huko stoo huacha ninachofanya na kusikiliza.